Kadi ya Oili Niliyoiandika Uongo

Dunda,
Bagamoyo.
Jumatano, 12 Februari 2025.

Mpendwa Mjomba Amiri,

Assalaam aleikum. Najua barua huanza kwa salamu na kujuliana hali, lakini nikianza hivyo nitajaza kurasa mbili za salamu kisha nitaikunja barua bila kusema kitu. Basi nalisema sasa hivi. Kadi ya oili ya gari ulilotuletea ina uongo, na aliyeuandika ni mimi. Sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Dada Nadhira. Hata kwenye dua nimekuwa nikilizungukazunguka.

Sasa shikamoo, Mjomba. Hujambo wewe? Mama Haidar na watoto hawajambo? Mgongo wako umepoa, au bado unalala chini ya magari ya watu kutwa nzima? Sisi huku ni wazima wa afya, tunahesabu siku za Shaabani. Dada Nadhira amefika Jumamosi kutoka kwa mumewe kule kijijini Mkange, amekuja kujifungulia nyumbani. Miguu imevimba kidogo lakini nesi amesema mtoto yuko vizuri. Baba keshanunua mbuzi wa akika, ambaye anawalilia majirani usiku kucha.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu ni ya Mama, na kila ujumbe wako husikilizwa uwani na nyumba nzima. Jirani yetu Bi Mwaija anasafiri kesho kwenda kwa mwanawe hukohuko kwenu Maskati. Nitaifunga bahasha kwa gundi, naye amenihakikishia atakupa mkononi kesho hiyohiyo.

Mjomba, bila shaka unaikumbuka ile karatasi uliyoituma pamoja na gari. Uliandika kwamba gari hili lina tabo, ile feni ndogo ya kuisukumia injini hewa, na tabo huzungushwa na moshi wa injini wenye moto mkali, kwa kasi kubwa sana, na oili ndiyo inayoilinda isisagike na isiungue. Ukasema tuweke oili ya sinthetiki yenye namba 5W-30, ile iliyoandikwa kwenye kifuniko cha injini, na tuimwage kila kilomita elfu tano, wala tusiwasikilize watakaosema izidi. Ukasema kadi aiandike Hafidha, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Sikuwahi kukwambia nilivyofurahi. Nyumba hii hakuna aliyekuwa amenipa kazi yangu mwenyewe kabla yako.

Safari ya kwanza Baba alikwenda dukani mwenyewe. Mara ya pili, mwezi wa sita mwaka jana, alinituma mimi. Duka lilikuwa limejaa wanaume, madereva na watu wa bodaboda. Muuzaji akaniuliza nataka oili ya gari gani. Nikasema la Baba. Walicheka wote. Mmoja akasema, "Binti, oili ya kupikia iko duka la pili." Nilikuwa na namba kwenye kiganja, nimeiandika kwa kalamu, lakini sikuweza kuufungua mkono. Muuzaji akashusha galoni moja, akasema hii ndiyo wanayochukua watu wote hapa, nzito, inafaa joto la pwani. Niliisoma, Mjomba. Ilikuwa 20W-50, ya magari ya zamani. Nikalipa nikatoka.

Njiani nilijiambia nitamweleza Mzee Mikidadi, fundi wetu, naye atanirudisha dukani. Unamkumbuka, gereji yake iko ubavuni mwa kisima cha zamani, na macho yake hayaoni tena maandishi madogo. Aliishika ile galoni akaniuliza, "Macho yangu ni wewe, Hafidha. Ndiyo yenyewe?" Baba alikuwa amesimama pale, na wateja wawili wengine. Nikaitikia kwa kichwa. Akamimina. Kisha nikachukua kadi nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: 5W-30, sinthetiki.

Lingekuwa limeishia hapo, labda lisingekuwa kubwa. Lakini Bwana Rehani, rafiki yake Baba wa pale barazani, alimwambia kwamba oili ya sinthetiki ni ya bei na haichoki upesi, hivyo kuimwaga kwenye elfu tano ni kutupa mali. Baba akaitazama kadi yangu, akaona imeandikwa sinthetiki, akasema tutakwenda mpaka elfu kumi. Nilimkumbusha karatasi yako. Akasema Mjomba wako yuko gereji za Waarabu, hajui bei za Dunda. Ningesema neno moja tu la kweli pale, angeimwaga siku ileile. Nilikwenda kuosha vyombo.

Basi gari likawa linakwenda Mkange na kurudi na oili hiyo mpaka mwaka ukaisha. Nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa nasikia mluzi wa tabo gari likiingia uani, na kila mara nilidhani mluzi umeongezeka. Nilikuwa nachomoa kile kijiti cha kupimia oili Baba akienda kuswali, nafuta kwa karatasi, naona nyeusi kama lami. Baba alikuwa akiongezea tu inapopungua.

Alhamisi ya wiki iliyopita oili ilifikisha kilomita elfu tisa na mia sita, na Jumamosi gari lilitakiwa kwenda kumleta Dada Nadhira. Baba akaamua ibadilishwe kabla ya safari. Safari hii nilikwenda duka jingine, muuzaji ni mama mtu mzima, nikanunua 5W-30 ya kweli na filta mpya. Mzee Mikidadi akamwaga ile chafu kwenye ndoo, akaweka mpya. Nilirudi nyumbani mwepesi. Nilijiambia uongo wangu umemwagwa pamoja na ile oili.

Baba alisema ile ya ndoo isitupwe, nipake nguzo za banda jipya la mbuzi, mchwa wasizile. Asubuhi ya Ijumaa nilipaka nguzo sita kwa brashi kuukuu. Jua lilipopanda nikaona zinang'aa. Nilidhani ni mchanga. Nikapitisha kidole, nikakisogeza juani, kikajaa vumbi la dhahabu, laini kama lile la kucha za maharusi. Mjomba, wewe unajua ni nini. Mimi nilijua pia, kwa sababu uliandika kwamba bushi za tabo, zile pete za shaba zinazoshika shafti yake, zikisagika huonekana kwenye oili. Nilikaa chini palepale. Niliona Dada Nadhira na tumbo lake katika barabara ile ya Mkange, mahali simu haishiki, na injini imenyamaza.

Nilimwita Baba nikamwonyesha nguzo. Hilo niliweza. Alimwita Mzee Mikidadi, naye akafungua mpira wa hewa, akaishika ile shafti ndogo ya tabo kwa vidole viwili, ikacheza kama jino bovu. Akasema gari hili lisiende popote. Baba alikodi gari jingine, na Dada akafika salama, alhamdulillahi. Wote wamenisifu kwa macho yangu mazuri. Mama amenitilia mnofu mkubwa siku mbili mfululizo, nami nauhamishia sahani ya Dada Nadhira.

Lakini Baba alitaka kujua kwa nini. Akaleta kadi, akamwambia Mzee Mikidadi mbele ya watu kwamba kadi inasema sinthetiki, basi fundi ndiye aliyeificha ile nzuri akaweka nyingine. Mzee akasema yeye alimimina alichopewa. Baba akasema, "Mwanangu haandiki uongo." Mzee Mikidadi alinitazama mara moja tu, si kwa hasira. Akafuta mikono yake kwa kitambaa, akasema, "Kama mtoto kaandika, basi kaandika." Akaondoka. Angeweza kusema kwamba aliniuliza na mimi nikaitikia. 

Tangu siku hiyo gereji yake imekuwa tupu. Bwana Rehani amelivuta gari lake kwa kamba likiwa halijamalizwa. Jana nilipita nikamkuta amekaa juu ya tairi, anazipanga spana kwa ukubwa, kisha anazichanganya na kuzipanga tena. Nilimwamkia. Akaitikia marahaba, kwa upole uleule wa siku zote, nikatamani angenitukana.

Keshokutwa, Ijumaa, baada ya swala, wataketi kwa mjumbe wa mtaa, Baba na Mzee Mikidadi, na kadi itawekwa mezani. Baba anataka Mzee alipe tabo nyingine, na kila mtu anajua hana uwezo huo. Nimejaribu kumwambia Baba mara tatu. Jumapili nilisimama mlangoni mpaka akaniuliza kama nimekuja kuchukua sahani, nikachukua sahani.

Sasa nimefanya jambo moja ambalo haliwezi kurudi nyuma. Leo asubuhi niliitoa kadi kwenye mfuko wa mlango wa gari, nikaikata ile namba kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni: 20W-50, niliinunua mimi, fundi hakujua. Nikaweka jina langu kamili na tarehe ya leo, kisha nikairudisha. Atakayeifungua Ijumaa ataona. Nami nimekusudia kuingia kwa mjumbe na kusema kabla hawajaifungua, mbele ya Mzee Mikidadi, kwa sababu alivunjiwa heshima mbele ya watu. Nimeyafanyia mazoezi maneno yangu mbele ya yule mbuzi. Mpaka sasa ni sentensi nne, na ya tatu ndiyo inayonishinda.

Nisalimie Mama Haidar, na Haidar mwenyewe, na Yasmini mdogo, mwambie kanga aliyonitumia naivaa kila Ijumaa. Mama na Dada Nadhira wanakusalimu sana, na Bibi anauliza lini utakuja ale kitu ulichopika wewe. Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi yako, akupe wepesi, na atujaalie tuione Ramadhani sote tukiwa hai na tukiwa wakweli.

Ijumaa asubuhi Baba atakupigia ili umthibitishie kwamba oili iliyoandikwa kwenye kadi ndiyo uliyoagiza. Mwambie ndiyo, uliagiza 5W-30, maana ni kweli uliagiza. Zaidi ya hapo, tafadhali Mjomba, nyamaza. Si kwamba nataka kujificha. Dukani alinisemea muuzaji, gereji kilinisemea kichwa, na nyumbani imenisemea kadi. Ukimwambia wewe, nitakuwa nimesemewa tena. Niwekee siri hii mpaka Ijumaa saa nane mchana, niitoe kwa mdomo wangu.

Mpwa wako akupendaye kwa moyo wote,
Hafidha Mwinyijuma