Maji Uliyoyanywa Wodini

Baba,

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako. Nje turubai limefungwa, majirani wa Kibamba wamejaa uani, na wewe bado uko mochwari. Tunakuzika kesho. Katekista ametoka hapa sasa hivi, na Mama hasemi na mimi.

Jana alinivuta jikoni. "Wodini ulikuwa naye peke yako," akasema. "Sema ulimbatiza. Nani atakubishia?"

Mama anajua tulichofundishwa sote kabla ya kipaimara: mtu akiwa katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kumbatiza. Maji kichwani, na maneno ya Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Padri si lazima. Kwa hiyo neno langu moja lingetosha uingizwe kanisani, kwaya ikuimbie, usomewe misa. Bila neno hilo, unatoka mochwari na kwenda moja kwa moja kaburini.

Nawe unajua ilivyokuwa. Nilikuja na maji kwenye kikombe cha plastiki, nikakuuliza kama nikubatize. Ukanitazama kwa lile jicho lako la uchokozi.

"Mama," ukaniita, kama ulivyoniita tangu utoto wangu kwa sababu nimebeba jina la mama yako. "Huko mbinguni kwenu, bibi yako yupo? Maana alikufa Maswa hajawahi hata kumwona katekista."

Nikasema Mungu ndiye ajuaye.

"Basi mie siendi kukaa ugenini na watu nisiowajua." Ukacheka mpaka kikohozi kikakushika. Kisha ukanipokonya kikombe, ukayanywa maji yote. "Asante. Mate yalikuwa yamenikauka."

Ungekuwa unaweweseka ningesema ni homa. Lakini akili zako zilikuwa timamu, Baba, na hilo ndilo linalonitisha.

Nimesoma dini mpaka kidato cha sita. Hukumu, toharani, ufufuko wa wafu, yote nayajua kwa mpangilio. Na kazini bandari kavu, kontena likija bila hati silipitishi, hata dereva apige magoti. Sasa naogopa kwamba mlangoni kwa Mungu amekaa karani kama mimi.

Katekista alipofika nilimwamkia, akaketi. Mama alikuwa kando yangu, ameshika pindo la kanga yangu. "Binti," akaniuliza, "mzee alibatizwa?"

Mama akalivuta pindo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, Baba, nakuapia. Kisha nikawaza: padri atasimama mbele ya jeneza amtaje mtu aliyekubali, na mtu huyo siye wewe. Tutakuwa tumemzika mwingine, na wewe tumekuacha nje kabisa.

"Hapana," nikasema. "Nilimwomba, akakataa."

Mama akaiachia kanga. "Umemfungia baba yako mlango."

Katekista akasema misa haitakuwepo, ila yeye mwenyewe atakuja kaburini kusali na sisi. "Na Mungu hafungwi na maji yetu, mama," akamwambia.

"Rahisi kusema," Mama akajibu. "Hujafiwa wewe."

Sijui kama nimekutendea haki. Kila nikimsikia Mama akilia natamani nimkimbilie katekista barabarani nimwambie nilikosea. Lakini Yesu alilia kaburini kwa rafiki yake kabla hajamwita atoke. Siamini kwamba atakufukuza kwa kosa la kumpenda mama yako. Naogopa, na bado siamini.

Nakuahidi hivi. Mwezi wa Novemba, tunapowaombea marehemu, nitasimama katikati ya jumuiya nikutaje kwa jina, kisha babu, kisha bibi, kwa sauti ya kusikika, hata wakigeuka kunitazama. Nitafanya hivyo kila mwaka nitakaojaliwa. Kama kuna mahali mnaposubiri, msubiri pamoja.

Sasa Mama ananiita, mara ya kwanza tangu katekista aondoke. "Kabula, njoo unishikie koti la baba yako, halinyooki." Analipiga pasi yeye mwenyewe, hataki mtu mwingine aliguse.

Acha niende. Pumzika, Baba.

Mwanao,
Kabula