Kopo Lisilopungua: kwa fundi wetu wa chini ya ngazi

Kitendawili!

Umenyamaza. Zamani ungedakia "Tega!" kabla sijafunga mdomo, hata kama umebana misumari midomoni. Basi natega hivyo hivyo, na wengine wasikie: nachota mimi, anaiba mwizi, na kopo halipungui. Ni nini hicho?

Mwaka umekatika, fundi wetu, tangu jioni ile ulipoinamia kiatu cha mteja usiinuke tena. Mteja alidhani unatafuta msumari ulioanguka. Akasubiri, maana watu walikujua, hukupenda kuharakishwa.

Watoto walitaka maneno haya yaandikwe na binti yetu wa mwisho, kwa kuwa ni mwalimu na anajua kuyapanga. Nikawaambia, niliyekuwa nikibishana na baba yenu maisha yote ni mimi. Nipeni kalamu.

Kibanda chako hakikumruhusu mtu mzima kusimama wima. Wewe ulikaa upande wa mlango, Mama Zipu, fundi wa mikoba, upande wa ukuta, mgongo kwa mgongo, na juu ya vichwa vyenu watu wakipanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Ulisema unawajua kwa soli zao. "Huyo anayepita ana deni na mwenye nyumba, anakanyaga kwa ncha za vidole." Mama Zipu akicheka mpaka sindano inamchoma.

Kiatu kikiletwa kimechoka kabisa, ulikipa pole kwanza: "Pole mzee, umetembezwa." Ndipo unamgeukia mwenyewe na kumsalimia. Cha mwanafunzi hukukiambia kisubiri hata siku moja.

Na mimi, ninayelemea upande wa kushoto tangu nilipomzaa mtoto wetu wa pili, ulinizidishia ngozi kwenye kisigino cha kushoto miaka nenda miaka rudi bila kuniambia, mpaka nikaamini nimepona. Sasa kisigino hicho kimeisha. Nimekipeleka kwa mafundi wengine, wanakirudisha kikiwa sawa na mwenzake. Nalemea tena, mzee wangu. Naonekana kama mtu anayesikiliza kitu chini.

Unamkumbuka yule nesi wa kliniki ya wazee? Siku hiyo tulikaa kwenye benchi refu, kila mtu na kadi yake mkononi, akatuambia kuwa watafiti wamewafuatilia watu wa umri wetu kwa muda mrefu, wakaona wanaokula karanga, korosho na jamii zake mara kwa mara huishi zaidi kuliko wasiozigusa. Akasema si dawa, wala yeye hamwahidi mtu kitu. Ila kiganja kimoja kwa siku hakina hasara, chumvi tu isizidi.

Ukainua mkono. "Kiganja cha nani, nesi? Changu au cha huyu mama? Maana changu ni koleo."

Benchi zima likaangua kicheko. Nesi akasema, "Cha kwako, babu, ila usikifungue sana."

Mimi sikucheka. Niliyashika yale maneno kama mtu anayeshika nguzo ya basi. Toka siku hiyo kila Jumamosi nilikaanga karanga kwenye sufuria kavu, nikazipepeta maganda mlangoni, nikazigawa kwenye makopo mawili. Kopo lako lilikuwa la kakao, langu la maziwa. Asubuhi nachota langu nakula nikichemsha chai, nachota lako nakufungia kwenye karatasi, unaingiza mfukoni mwa aproni, unaenda.

Ukirudi nakuuliza, "Umezimaliza?"

"Karatasi hii hapa. Hata ganda halimo."

Na kweli halikuwamo.

Kisha nikitoka uani kukutilia maji ya kuoga, nasikia mfuniko wa kopo langu, tap. Nikajua unaniibia. Moyo wangu ulifurahi jinsi gani! Nilijichelewesha makusudi na ndoo ili uibe vizuri. Nikasema moyoni, iba mzee wangu, kila punje ni siku.

Lakini ikifika Ijumaa lako liko tupu na langu bado limeshiba. Nilifikiri mkono wangu umezeeka unachota kidogo. Nikakuuliza, "Mbona kopo langu halipungui?"

"Hicho ni kitendawili," ukasema. "Ukishindwa, nipe mji."

"Haya, nakupa mji."

"Upi?"

"Wowote. Chukua ule wenye soko kubwa."

"Ule una vumbi. Nitakohoa. Tafuta wenye kivuli."

Kila nilipokuuliza ulikataa mji. Mmoja una mbu, mwingine maji yake ya chumvi, mwingine watu wake wanavaa kandambili tu, fundi viatu atakula nini. Ukanimalizia miji yote, na jibu hukunipa.

Na wewe ulikuwa na swali lako. Mara moja tu uliliuliza, asubuhi ya mvua, tumejifunika blanketi moja, hakuna aliyetaka kutoka. Ukasema, "Mama watoto, hivi sisi wawili, wewe ungependa kuondoka wa kwanza au wa pili?"

Nikakugeuzia mgongo. "Usiniletee balaa chumbani asubuhi yote hii. Amka ukakinge maji ya mvua."

Ukaamka. Hukuuliza tena.

Baada ya mazishi nilifunika makopo yote mawili. Kijana wetu dereva akirudi safari ananiletea korosho za bei. "Kula mama, unajua zinavyosaidia." Nazipokea, nashukuru, nazipanga kabatini nyuma ya sahani za wageni. Nilikuwa nimezikasirikia karanga, fundi. Kiganja cha koleo kila siku, na juu yake za wizi, halafu moyo unasimama kama saa ya bei rahisi. Nikasema wale watafiti waje hapa wanieleze mimi.

Wiki iliyopita Mama Zipu alikuja na aproni yako. Ilikuwa imetundikwa kibandani mwaka mzima, hakuna aliyethubutu kuishusha. Alitaka tuifue kabla ya siku ya leo. Nikapekua mfuko, nikatoa karatasi ya siku ile. Imekunjwa nilivyoikunja mimi. Imejaa.

Nikamwambia, "Tazama, ilikuwa jioni tayari na hakuwa amegusa hata moja. Alikuwa anaumwa siku hiyo, na hakusema!"

Mama Zipu alitazama vidole vyake. "Dada, siku hiyo hakuumwa kuliko siku nyingine."

"Sasa mbona hakula?"

"Hakuwa anazila."

"Tangu lini?"

"Tangu meno ya nyuma yalipomwisha. Alijaribu mwanzoni, akawa anazitema. Baadaye tukifunga kibanda anazimimina mfukoni, anabaki na karatasi tupu ya kukuonyesha. Nikamwambia, mwambie mama atakutwangia. Akasema, 'Thubutu! Akijua atatwanga na zake anilishe, mimi namfahamu. Acha zirudi koponi mwake.' Nikamuuliza, na wewe je? Akasema, 'Mimi nikibaki peke yangu, hata sukari sijui inakaa wapi. Yeye ataweza.'"

Nilikuwa nimesimama na aproni mkononi, inanuka gundi na ngozi kama ulivyokuwa ukinuka wewe. Mama Zipu akanivutia kiti.

Kwa hiyo mwizi alikuwa anarudisha mali. Hilo ndilo jibu la kitendawili, na mji nimekupa, mzee wangu, ule uliomo sasa. Natumaini una kivuli.

Eti "yeye ataweza". Ulinipima kwa kipimo gani? Wewe uliyejua mguu wa kila mtu kwa kuusikia tu, mguu wangu ukaukosea namba. Sukari najua inakaa wapi, ndiyo. Naitia kwenye vikombe viwili, nakumbuka, chai ya pili naimwaga. Jioni nachota maji, natua ndoo uani, nasimama nasikilizia mfuniko. Hakuna anayeiba kitu katika nyumba hii.

Juzi nimerudi kliniki. Nesi ni yule yule. Akapima presha, akasikiliza moyo, akatabasamu. "Bibi, moyo huu ni wa msichana. Wewe bado upo sana."

Nikamjibu ahsante, kama mtu aliyekabidhiwa mzigo wa abiria mwingine na basi limeshaondoka.

Kama ni karanga au si karanga, mimi sijui, na nesi alisema hamwahidi mtu. Najua tu kwamba nilizila za watu wawili. Ile karatasi ya mwisho sijaila. Siwezi kuitupa pia. Iko mezani hapa ninapoandika, na mjukuu wako mdogo ameshaambiwa asiiguse.

Wanaokukumbuka ni binti yako mkubwa mshonaji na mumewe, kijana wako dereva, binti yako mwalimu, wajukuu wako wote ambao viatu vyao siku hizi vinachakaa haraka, dada yako aliyekulea, Mama Zipu ambaye sasa anaegemea ukuta tu, na wateja wako waliokuja kuchukua viatu vyao na kuondoka navyo bila kutengenezwa. Hatutakusahau, fundi, maadamu kuna mguu mmoja kati yetu unaotembea.

Na mimi mkeo. Kumbe siku ile ya mvua ulitaka nijibu kweli, na nilipokugeuzia mgongo ukajijibia mwenyewe, ukanichagulia. Sasa nakugeukia. Niulize tena.

Wa kwanza, mume wangu. Nilitaka kuondoka wa kwanza.