Ng'ombe wa Marehemu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaniitikia, lakini mkono umekataa kuanza barua yako bila hiyo.

Leo ni wiki ya sita tangu tukuzike. Mama yumo edani, na mdogo wangu Hamad anakuja kila Jumamosi kutoka kwake Great Barr kumletea vitu vya jikoni. Kiti chako cha dirishani hakuna anayekikalia. Na mimi, mwanao mkubwa, nimekuwa mwongo. Ndiyo sababu ya barua hii.

Unaikumbuka ile kamusi ya sheria waliyoitupa mawakili, kule ofisini ulikokuwa ukifagia? Uliipakata kwenye basi mpaka nyumbani hapa Handsworth kama mtoto mchanga. Kila Jumapili asubuhi, kwa chai na mandazi, ulitufungulia neno moja la Waingereza wa kale. Hamad akichelewa kuamka ulimwita villein, mtwana wa shambani asiyeondoka bila ruhusa ya bwana wake. Lakini ulilolipenda kuliko yote ni heriot. Mkulima akifa, bwana mwenye ardhi huja kuchukua mnyama wake aliye bora. Ulikuwa ukisimama kabisa, kijiko mkononi: "Maiti bado haijapoa, bwana yuko zizini anachagua ng'ombe! Na hawa ndio waliokuja kutufundisha ustaarabu!" Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Basi sikiliza. Wakili aliniita peke yangu, kwa sababu nyumba tuliinunua kwa majina mawili, lako na langu, benki ilipokataa kukukopesha wewe peke yako. Kwenye hati tumeandikwa joint tenants. Alinieleza maana yake: mmoja akifa, aliyebaki anachukua yote, na wosia haugusi kitu. Nikamtolea karatasi yako, ile uliyoandika kwa mkono wako, kwamba nusu yako igawiwe kwa mirathi: Mama, Hamad na mimi. Akaniomba nimsomee kwa Kiingereza, akasikiliza kwa heshima, akanirudishia. Nyumba ni yako, akasema.

Niliporudi, Mama aliniuliza wakili kasemaje. Nikamjibu, "Mambo ya kawaida tu, Mama."

Wiki tatu sasa. Na nikuambie ukweli wote, sikunyamaza kwa kusahau. Miaka yote ile tulilipa mimi na wewe, Hamad akibadilisha magari. Kwa mirathi yeye, mwanamume, atapata mara mbili yangu mimi binti. Nilikasirika, Baba. Nilikukasirikia hata wewe, umelala huko. Nikaifungua kamusi kutafuta alama ya penseli yako kwenye neno letu la hati, joint tenants. Labda ulijua. Labda ulitaka iwe hivyo... Kurasa zote umezichorachora, ila ukurasa ule ni mweupe. Maneno ya mabwana waliokufa zamani uliyajua yote, hati yako mwenyewe hukuisoma.

Jumamosi Hamad alikuja na kopo la rangi. Alipaka mlango wa nyuma peke yake, kwenye baridi, bila kuambiwa na mtu. "Baba alitaka iwe green, sis. Si alikuwa anasema kila summer?" Nilimpelekea chai, nikashindwa kumtazama usoni. Bwana wa zizini nilikuwa mimi.

Jana nilirudi kwa wakili, nikamwambia aandike hati mpya, nusu yako igawiwe ulivyotaka. Aliniuliza kama nina hakika. Sikuwa nayo. Nikamwambia aandike.

Ijumaa baada ya sala Hamad atakuja. Nitakaa naye na Mama, nitawasomea hati zote mbili, na kila neno nitalieleza kama ulivyokuwa ukitueleza. Kisha nitawaambia kuhusu hizi wiki tatu. Hilo ndilo linalonitia hofu, nawe unamjua Mama.

Kwaheri, Baba. Lala kwa amani. Ng'ombe wako hatoki zizini, nakuahidi.

Mwanao,
Zuhura