Bei za Mama Naserian

Jumatatu, 9 Mei 2005
Lebo mpya za bei tena hapa supamaketi, rafu nzima ya sabuni. Gundi imenishika vidole. Iliyokuwa mia moja sasa ni tisini na tisa na senti hamsini. Nilimuuliza meneja hizo senti tutazitoa wapi, maana makeshia hawana sarafu za senti hamsini. Akacheka. Mteja anasoma tisini na tisa, alisema, mwisho hasomi. Akifika kwa keshia jumla inapandishwa hadi shilingi nzima. Akilalamika anapewa switi.

Jumatano, 18 Mei
Nimepewa kazi ya ziada. Kila Jumatatu nizunguke maduka ya mtaa kama mteja, nikariri bei, nirudi nimwambie meneja. Mshahara utaongezwa kidogo. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Baba Sharon alienda Mombasa kutafuta kazi na hakurudi. Karo ni yangu peke yangu.
Akataja maduka. La Mama Naserian limo.

Jumatatu, 23 Mei
Nilimwacha wa mwisho. Nilipohamia Kitengela kutoka Kakamega na mtoto mgongoni, ni yeye alinipa unga kabla ajue jina langu. Bwana yake alifia kwa machimbo ya mawe. Duka alilifungua baada ya kuuza ng'ombe waliobaki.
Aliniuliza kama niko sawa, mbona naangalia rafu kama mgeni. Nikanunua kiberiti nikatoka. Sukari yake ni sitini.
Nilimwambia meneja bei zote. Sikuruka hata moja. Kesho sukari yetu itakuwa hamsini na saba na senti hamsini.

Jumanne, 7 Juni
Nimeuelewa mchezo. Sukari, unga na mafuta kila mtu anajua bei yake, kwa hivyo hizo tunashusha hata tukipata hasara. Vibanio vya nguo, rangi ya viatu, poda ya kuoka keki, sijui nini, hakuna anayekumbuka alinunua kwa pesa ngapi. Hizo tunapandisha. Mtu anafuata sukari, anatoka na mfuko mzima.
Foleni ilifika mlangoni leo. Niliwaona wateja wa Mama Naserian. Wengine walijifanya hawanijui.

Jumatatu, 13 Juni
Ameshusha sukari. "Nauza vile nilinunua," aliniambia. "Labda watarudi."
Nilirudi kazini polepole. Ningeweza kusema bado ni sitini. Nilisema ukweli. Kufika jioni tulikuwa tumeshuka chini yake tena.
Najichukia.

Jumamosi, 25 Juni
Anajua. Keshia mmoja amemwambia. Nilienda kununua maziwa nikamkuta amesimama mlangoni, mikono kwa leso.
"Mama Sharon, ungekuja tu uniulize. Ningekupa kiti, nikutajie bei zote."
Nikamwambia ni kazi. Ningekataa, wangemtuma mwingine.
"Ungewaacha wamtume mwingine," alisema.
Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana. Alinipa maziwa, akageuka, akaanza kupanga mikebe ambayo ilikuwa imepangwa.

Jumapili, 26 Juni
Sikuenda kanisani. Yeye hukaa kiti cha mbele yangu.

Jumatatu, 4 Julai
Nilimwomba meneja aniondoe kwa hii kazi ya kuzunguka. Akasema sawa, lakini na ile nyongeza itaondoka. Nikafikiria Sharon na darasa la nane. Nikazunguka.
Kwake sikuingia. Niliangalia kwa mlango. Rafu mbili ziko wazi.

Ijumaa, 15 Julai
Duka limefungwa. Nilikuwa stoo nikaona pikapu kupitia dirisha. Meza, mizani, friji ndogo ya maziwa. Naserian alikuwa nyuma ameshikilia friji isianguke. Mama yake alikaa mbele na dereva, ameangalia barabara. Wanarudi kwao Bisil.
Ningeweza kutoka. Mlango haukuwa mbali. Sikutoka.

Jumatatu, 25 Julai
Upande ule hakuna tena duka la kuangalia. Meneja alinipa lebo badala yake. Sukari, sitini na nne na senti hamsini. Nimebandika mwenyewe.
Mzee mmoja alisimama mbele ya rafu, akaniuliza kama sijakosea.
"Sijakosea, mzee."
Akarudisha kilo, akachukua nusu.

Alhamisi, 28 Julai
Sili vizuri. Sharon ananiuliza nina nini. Namwambia ni kuchoka.

Jumapili, 14 Agosti
Bisil. Vumbi na jua. Si siku ya soko, mifugo ilikuwa michache. Nilimpata kwa kibanda cha mabati, anauza chai. Amekonda.
Tulisalimiana kwa mkono. Akanimiminia kikombe, akaweka mandazi mawili kwa sahani. Tukaongea juu ya mvua ambayo haijanyesha, na mbuzi wa mama yake, na Naserian, ambaye amepata nafasi kwa shule ya karibu. Wachungaji wawili waliingia akawahudumia, wakacheka pamoja kwa Kimaasai. Walipotoka nilimwambia nisamehe.
"Nimesikia," alisema. Akaendelea kuosha vikombe.
Nilikaa hadi chai ikaisha. Nikasimama, nikauliza ni pesa ngapi. Nilitaka akatae.
"Ishirini," alisema, akajipangusa mkono ili apokee.
Nikalipa. Nikaenda kungoja gari.