Spea ya Mfaransa Imo Kabatini Mwangu

Mpendwa Shangazi, shikamoo. Naomba msaada wako, na ukiweza unijibu katika gazeti la Alhamisi hii, kwa maana ikifika Jumamosi hakutakuwa na cha kushauri.

Mimi ni fundi wa magari, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kazi yangu kubwa ni haya magari ya zamani kutoka Ulaya ambayo mafundi wengine wakiyaona wanajifanya wana shughuli nyingi. Nina mteja mmoja, mzee aliyekuwa mpima ardhi hadi alipostaafu, mwenye gari la Kifaransa linalomzidi umri bintiye, na yeye hulitaja kama mtu, atakuambia Mfaransa leo kaamka na kikohozi, Mfaransa anataka oili, na kila alichowahi kufanyiwa huyo Mfaransa kimeandikwa kwa mkono kwenye daftari, tarehe, kilomita na aina ya oili, hata mthamini mmoja aliyewahi kupita gereji kwangu alilisoma lile daftari kabla hajafungua boneti, akasema gari hili lina thamani kuliko yale mapya mawili yaliyoegeshwa nje, kwa sababu halifichi kitu.

Miezi tisa iliyopita mzee alimkosakosa mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara na ndoo kichwani, akaparaza ukuta wa shule, akaniletea gari akisema breki zimemsaliti. Nilipokagua nikakuta kweli pampu ya breki inavuja, ila kidogo tu, Shangazi, si ya kumfanya mtu ashindwe kusimama, nikaagiza pampu halisi kutoka huko huko Ulaya kwa maana mzee hataki spea za kubahatisha, nami sifungi spea feki kwenye breki. Siku ya pili yake akaja bintiye, ambaye ni muuguzi, akafunga mlango wa kiofisi changu, akanieleza kuwa si breki, ni macho, kwamba daktari amekwisha kumkataza baba yake kuendesha na baba amekataa hata kuigusa karatasi ya daktari. Akaniambia, "Fundi, baba anakuamini wewe kuliko sisi. Mwambie tu spea haijafika."

Nikakubali, kwa sababu nilimwonea huruma, na kwa sababu ni uongo unaoaminika, maana mwenye gari la zamani la Ulaya amezoea kungoja spea kama mkulima angojavyo mvua. Pampu ilifika wiki ya tatu. Imo kabatini mwangu, ndani ya boksi lake, nimeifunika kwa gasketi mbovu.

Tangu hapo kila Jumanne mzee anakuja kwa miguu na kitambaa chake, anapangusa vumbi, anakaa kwenye usukani, anawasha injini ili betri isife, kisha ananiuliza kama imefika, nami namjibu bado, naye anaandika kwenye daftari "spea bado", kwa maandishi ambayo siku hizi yanapanda juu ya mistari na kushuka. Daftari lile halikuwahi kuwa na uongo, sasa lina wangu, kurasa mbili nzima. Na akiniona nimenywea ananifariji mimi, ananiambia nisijali, vya Ulaya huja polepole.

Jumanne hii alikuja bila kitambaa. Akasema amezungumza na wanunuzi wa vyuma chakavu, watakuja kulibeba Jumamosi, na yeye atatafuta kagari kadogo ka siku hizi kasikosumbua spea. Akanipa mkono wa kuagana, mkono ukapita pembeni ya wangu, ikabidi niufuate. Akaniambia, "Umejitahidi, fundi. Hili si kosa lako."

Nilipompigia bintiye alisema niwaache wachukue, tatizo limejimaliza lenyewe. Shangazi, nikisema nitakuwa nimemsaliti binti na kumpoteza mzee, nikinyamaza gari zima linakwenda kukatwakatwa kwa neno langu. Nifanye nini?

Fundi wa Magari ya Zamani

SHANGAZI ANAJIBU

Fundi mwanangu, marahaba. Pole sana, na pole hiyo uitunze vizuri, kwa maana ndiyo ya mwisho utakayoipata kwangu leo.

Unalilia gari. Nakuelewa, marehemu mume wangu alikuwa na la Kijerumani, na miaka kumi na minne nilijiona mke mdogo. Lakini gari si la kwanza hapa. Umeandika haraka haraka kwamba mzee anatafuta kagari kadogo kasikosumbua spea, kisha ukaendelea na habari za mikono. Mimi nilikwama hapo hapo. Hukuliona? Kwa miezi tisa umemhakikishia mzee huyu kwamba mwenye kasoro ni gari. Pampu umeibebesha kesi ya macho. Sasa mshtakiwa asiye na hatia ananyongwa Jumamosi, na mzee, aliyesafishwa na fundi anayemwamini kuliko wanawe, atarudi barabarani na breki mpya kabisa na macho yale yale. Yule mama wa ndoo alipona. Wa pili je?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imerefushwa na meli za mizigo tu.

Huyo binti simlaumu sana. Kila siku anawapa watu wengine habari mbaya za wazazi wao, ikaja zamu ya baba yake ulimi ukawa mzito. Wengi wetu tuko hivyo. Ila alikutwisha mzigo wake, nawe ukaupokea kwa kuwa siku ya kwanza ulikuwa mwepesi. Ahadi ya kumdanganya mtu si ahadi ya kutunzwa, kwa hiyo usijitishe na neno usaliti. Na aliyesema tatizo limejimaliza lenyewe akumbuke kuwa mficha maradhi, kifo humuumbua, na safari hii huenda kifo kikawa cha mpita njia.

Sasa nisikilize. Leo hii mpigie binti, mwambie kesho asubuhi mnakwenda wote wawili kwa mzee, na aje na karatasi ya daktari. Akikataa, nenda peke yako. Usimwite gereji. Mtu haambiwi jambo kama hili akiwa amesimama kati ya matairi ya watu. Beba boksi la pampu, umwekee mkononi alishike. Anza na uongo wako, si macho yake, maana ukianza na macho ataona umekuja kujitetea. Ukimaliza, nyamaza, na binti aisome ile karatasi kwa sauti, yote, bila kuruka mstari. Kwa hilo asikutume tena wewe.

Wale wa vyuma chakavu mzee akitaka warudishwe, warudisheni. Akitaka gari liuzwe, liuzwe likiwa zima, kwa mtu anayejua anachonunua. Akitaka libaki, mwingine ashike usukani na yeye akae pembeni akilalamika jinsi gia zinavyoingizwa. Lakini aamue yeye, akiwa anajua ukweli. Mmekwisha kumwamulia ya kutosha. Na lile daftari mwombe ruhusa ulisahihishe kwa mkono wako, Jumanne moja moja, kwa sababu atakayelirithi gari ataliamini kama alivyoliamini yule mthamini.

Huenda akakufukuza. Ana haki. Ondoka kwa adabu, usimjibu, na usimsukumie binti lawama ukiwa mlangoni. Lakini kabla hajakufukuza atakuuliza spea ilifika lini. Mtajie mwezi wenyewe, fundi, na usipunguze hata wiki moja.