Tairi Nyembamba za Shangazi

Isiolo, Jumapili, baada ya kanisa

Aba Talaso,

Salaam aleikum, Dida ndugu yangu. Ni mimi Ekiru. Najua hakuna posta inayofikisha barua huko uliko. Mimi niliyefika Kampala, Mombasa, na Juba mara mbili, barabara hiyo yako sijaiona. Lakini nina jambo ambalo nikimwambia mtu mwingine nitalipamba, unanijua, na hili halitaki mapambo. Kwa hivyo nimenunua daftari, nimekaa uani kwangu, naandika. Darasa la tano nililoacha litatosha. Ukiona kosa, nyamaza.

Ni miezi mitano sasa. Homa ilikumaliza kwa siku nne, na mimi nilikuwa safarini. Nilipofika, udongo wako ulikuwa umeshakauka. Hapo sina mzaha. Tuendelee.

Habari za huku. Mvua imenyesha kidogo upande wa Gotu. Mama Talaso ni mzima, ila amekonda, na chai bado anapika ya watu wawili halafu anaita jirani. Na Shangazi, lori lako dogo lenye pua ya mviringo, lile uliloliokota kwa mzungu wa shamba kule Timau ukaliita Shangazi kwa sababu linalalamika kila mlima lakini halijawahi kukuacha njiani, Shangazi karibu tumpoteze.

Ilikuwa hivi. Baada ya arobaini yako, kaka yako Mzee Jillo alikuja na fimbo yake na ule uso wake wa kiangazi. Akasema Shangazi auzwe kwa watu wa vyuma vikuukuu, wamkate. "Gari bila dereva ni banda la kuku." Talaso akasimama, binti yako huyo hajui kukaa mtu akisema upuuzi, akasema dereva ni yeye. Leseni anayo, wewe mwenyewe ulimpeleka Nanyuki kufanya mtihani. Tena mama yake na wenzake watano, wale wanaouza unga na sukari Oldonyiro siku ya mnada, walikuwa wamekaa bure nyumbani tangu ulipoondoka, maana gari lingine halikubali kuwasubiri mpaka wamalize. Mzee Jillo akasema, "Sawa. Aendeshe tuone."

Tukaenda kwenye ule uwanja karibu na soko la mifugo, pale pale ulipomfundisha. Nusu ya mji ilikuja, hapa kwetu mtu akifungua boneti tu anapata watazamaji. Talaso akawasha. Gia ya kwanza safi, ya pili safi. Akafika mwisho wa uwanja, akazungusha stelingi, ikagoma. Akainuka kwenye kiti, akaivuta kwa mwili wote, na Shangazi akaenda mbele tu kama punda aliyeamua, mpaka ndani ya ua wa miiba wa wachuuzi wa mbuzi. Mbuzi wakatawanyika hadi barabara ya Marsabit. Watu walicheka, mmoja akalazimika kukaa chini. Talaso akashuka, viganja vimechubuka, akasema, "Nilikuwa naweza. Baba alinifundisha na nilikuwa naweza."

Hakuna aliyemwamini. Hata mimi, Aba Talaso. Mtoto niliyembeba mabegani.

Mzee Jillo akanigeukia. "Ekiru, wewe ndiye mwanamume wa barabara. Lirudishe nyumbani. Na ukitaka uwe dereva wake, basi hatuuzi." Kifua changu unakijua. Kilipanda mpaka kikagusa kidevu. Nikapanda kama waziri.

Maisha yako yote hukunipa stelingi ya Shangazi hata siku moja. Ulisema mimi naendesha kwa mdomo, na huo mdomo ungekuwa injini tungefika Misri bila petroli. Basi kona ya kwanza nikadhani kuna chuma kimevunjika. Kona ya pili bega likaniuma. Nilipofika kwako shati lilikuwa limelowa, mimi niliyevuta trela mpaka Juba! Nikazima injini, nikashuka, nikainama kuangalia chini kuna nini.

Hakukuwa na kitu kilichovunjika. Kulikuwa na tairi zangu.

Sasa tuseme ukweli, mimi na wewe. Shangazi ulikuwa umemvika tairi ndefu, nyembamba, radiali, ulizozitafuta Nairobi wiki nzima. Ulinieleza sababu, na mimi nilikuwa nikingoja umalize ili nichekeshe. Ulisema gari la zamani lilitengenezwa kusimama kwa mguu mrefu mwembamba. Stelingi yake haina msaada wowote ila mkono wa dereva, na tairi nyembamba hugusa ardhi kidogo, inageuka bila ugomvi. Urefu wake unainua tumbo la gari juu ya mawe. Na radiali ubavu wake ni laini, unameza matuta ya barabara kabla hayajafika kwenye mgongo wako.

Lakini ubavu huo laini huvimba kidogo chini, hata upepo ukijaa sawasawa. Taabu yako ilianzia hapo. Kutoka hapa mpaka Oldonyiro kila mchungaji alikuinulia fimbo: "Dereva! Pancha!" Watu wema tu. Siku moja walikusimamisha mara tisa, na mara zote tisa ulishuka, ukalipiga tairi teke, ukasema ahsante, ili mtu asione aibu kwa wema wake. Mimi nikaichukua hadithi hiyo nikaipeleka hotelini kwetu, nikapanda juu ya benchi kuigiza unavyoshuka. Nikasema Dida amempa Shangazi miguu ya mbuni, tena mbuni aliyevimba vifundo. Watu walimwaga chai. Kesho yake watoto wa mtaa mzima walikuwa nyuma yako, "Mbuni! Mbuni!"

Afadhali ningeishia hapo. Lakini nikarudi kutoka Mombasa na tairi nne pana, fupi, nene, zilizotolewa kwenye gari la watalii, nikakukabidhi mbele ya hoteli nzima. Nikahutubia. Nikasema mguu wa ngamia ni mpana, ndiyo maana hazami mchangani. Ulibonyeza ubavu wa moja kwa kidole.

"Lakini ngamia hana stelingi," ulisema.

Tukacheka wote, na ukazifunga siku hiyo hiyo.

Miaka miwili ulimzungusha Shangazi na hizo tairi. Ulikuwa ukishuka unasugua bega, na mimi badala ya kuuliza nikasema Mama Talaso anakupiga. Ulipoacha kumpa Talaso stelingi, nilisema umeogopa maneno ya wazee. Kumbe hukutaka aumie. Na hukutaka nijue.

Nilienda kwa Mama Talaso. Alikuwa anapepeta mahindi, hakuinua macho. Akasema, "Nilimwambia azitoe. Akasema, zawadi ya Ekiru haitoki kwenye gari. Ekiru atauliza kwa nini, na nikimwambia atahuzunika mwaka mzima." Akaendelea kupepeta.

Ndugu yangu, nikwambie kitu kibaya. Bado nilifikiria kunyamaza. Siku mbili nzima. Mzee Jillo ameshanipa lori, mji mzima umeshaona Talaso ameshindwa. Nani angejua? Ningeendesha mimi, bega lingezoea, na watu wangesema Ekiru ameiokoa familia ya Dida. Nilikuwa nimeshaanza kulisikia likisemwa. Na lilikuwa tamu.

Lakini kila nikifumba macho namwona Talaso na vile viganja, anasema nilikuwa naweza.

Siku ya tatu nikaenda hotelini wakati wa chai ya saa nne, wote wakiwepo, Mzee Jillo pale pembeni. Sikupanda kwenye benchi. Nikasema: Talaso hakushindwa na gari, ameshindwa na tairi, na tairi ni zangu. Nilizileta kwa sababu ya kicheko. Dida alizibeba kwa mabega yake miaka miwili na hakusema. Mkitaka kucheka tena, mchekeni anayestahili, yuko mbele yenu.

Unafikiri walinihurumia? Walicheka mpaka mwenye hoteli akaja kuangalia. Mmoja akauliza kama Juba nako nilifika kwa tairi za aina hiyo. Nikacheza nao kidogo, mpaka kicheko kikaisha. Mzee Jillo akamaliza kikombe. "Basi zitafute nyembamba," alisema. "Mwezi mmoja. Mwezi ukiisha watu wa vyuma wanakuja."

Zile zako za zamani ulikuwa umezigawa, na sikujua kipimo. Lakini moja niliipata Gotu, imekatwa, mbuzi wa Mzee Jillo wanainywea maji. Nikapiga magoti kati ya mbuzi, nikasugua tope kwa kidole mpaka maandishi yakatokea: saba nukta hamsini, kisha herufi R, kisha kumi na sita. Saba na nusu ndiyo upana kwa inchi, kumi na sita ndiyo rimu, na R ndiyo radiali. Nikaandika kwenye karatasi, mbuzi akaila. Nikaandika mkononi.

Nairobi duka la kwanza kijana akaniambia, "Mzee, nyembamba ni za zamani, chukua pana, gari litapendeza." Ilikuwa kama kujisikia mimi mwenyewe nikikuletea zile tairi. Nikamuaga kwa heshima, maana ni ndugu yangu huyo. Duka la pili walikuwa na radiali mbili tu, wakataka kunijazia mbili za kawaida, zenye ubavu mgumu. Nikakataa. Nilikumbuka ulivyosema: zote nne ziwe za namna moja, la sivyo gari linakuwa na mawazo mawili, mbele linataka hivi na nyuma linataka vile, na siku ya mvua utajua lipi limeshinda. Unaona? Nilikuwa nasikiza. Sehemu fulani ya kichwa changu ilikuwa inakusikiza wakati mdomo unafanya kelele zake.

Duka la tatu zilikuwa nyuma kabisa, zimejaa vumbi. Nne. Nilizikagua ubavu mmoja mmoja kutafuta mipasuko, nikanusa, nikazikumbatia. Mwenye duka alidhani mimi ni mgonjwa.

Talaso alipiga jeki mwenyewe, hakutaka mkono wa mtu. Tukarudi uwanjani, na safari hii wachuuzi walikuwa wameshaondoa mbuzi. Akafika mwisho wa uwanja, akazungusha. Shangazi akageuka. Hivi tu, Aba Talaso, kama mtu aliyeitwa jina akageuza shingo. Talaso akamrudisha, akamgeuza tena, kisha akaanza kumzunguka Mzee Jillo aliyesimama katikati ya uwanja, mara moja, mara mbili, mara tatu, na mzee na fimbo yake anazunguka pale pale kumfuata kwa macho. Mwisho mzee akainua mkono. "Inatosha! Ananitia kizunguzungu. Mwambieni aende kazini."

Mama Talaso hakushangilia. Alifunika uso kwa shela. Nami niliangalia milima.

Juzi ulikuwa mnada wa kwanza. Mchungaji mmoja alitusimamisha kabla hatujafika mbali, "Pancha!" Talaso akashuka, akapiga teke, akasema ahsante. Sikumfundisha hilo.

Aba Talaso, sikukuuliza ulipokuwa hai, na sasa nauliza wakati huwezi kunijibu: ulinisamehe lini? Nadhani ni siku ile ile, tulipokuwa bado tunafunga nati. Hiyo ndiyo inayoniuma, na hiyo hiyo ndiyo inayonipa usingizi.

Basi pumzika. Nakuahidi, maadamu nina nguvu ya kupanda, binti yako hataenda Oldonyiro peke yake. Lakini kiti cha mbele nimekiacha, ni cha Mama Talaso. Mimi nakaa nyuma na magunia ya unga, mwanamume wa Kampala na Juba. Juzi nilishuka mweupe kuanzia nywele mpaka kope, na mnada mzima ukaacha kununua ili kuniangalia. Cheka, ndugu yangu. Zamu hii ni yako.

Wako,
Ekiru