Kuni za Banda la Ndui

Jumamosi, 4 Mfunguo Mosi 1315

Tumefika msituni. Jabir amelala. Uso wa mume wangu siujui tena – vipele vimejaa mpaka midomoni. Jumbe hakutaka maneno mengi: mwenye ndui halali mjini Kirongwe, aondoke kabla ya adhuhuri. Mama mkwe akabaki analia uani. Nani aje naye? Mimi. Niliugua nikiwa mdogo, alama ninazo shavuni. Ndui hainirudii.

Watu wa mji walijenga banda, wakakimbia. Kuni hawakuacha hata kijiti.

Ghalani nyumbani mlikuwa na mashoka mawili. Nikachagua jipya, la dukani, kubwa, linang'aa. Nani alinifundisha kuchagua shoka? Kuni za nyumbani huleta Kidawa, kijakazi wetu. Sijapata hata kumwuliza anakata wapi.

Pigo la kwanza, la pili – chuma kikachomoka! Kikapita karibu na sikio langu, kikapotelea vichakani. Nimekitafuta mpaka nikalia. Jabir amekunywa maji baridi. Ametetemeka hadi jioni.

Jumapili, 5 Mfunguo Mosi

Mjomba Ussi kaja. Ndugu yake mama, fundi wa kuunda vyombo vya baharini. Yeye hajaugua ndui, kwa hiyo amewekewa mpaka: mnazi ulioanguka njiani. Anaweka chakula juu yake, anarudi nyuma, ndipo mimi nachukua. Tunaongea kwa kupiga kelele kama viziwi.

"Shikamoo mjomba!"

"Marahaba mwanangu. Mgonjwa?"

Nikamwambia yu hai. Nikamweleza habari ya shoka. Akashika kichwa.

"Hilo la kutundika ukutani! Ulilitikisa kabla ya kulichukua?"

Sikulitikisa.

Ameniachia lake. Dogo, baya, mpini umekuwa mweusi kwa jasho. Akanitaka nilishike mwisho wa mpini, ninyooshe mkono mmoja. Mkono ukitetemeka, shoka si langu. Haukutetemeka! Akaniambia niutazame mpini: nyuzi za mti ziende urefu wote, zisikatikie ubavuni. Na chuma chake hakikuvalishwa kwenye mpini, kimepenya ndani yake, kila nikipiga kinazidi kujikaza. Kuni niokote mti uliokauka. Na miguu niitanue.

Nimepata kuni. Chache, lakini zimewaka. Jabir ameoshwa kwa maji ya moto.

Jumatano, 8 Mfunguo Mosi

Malengelenge mikononi, yamepasuka. Nimemwambia Jabir sasa sote tuna vipele. Hakucheka. Macho yamegandana kwa usaha, hayafunguki.

Shoka haliingii. Leo limeteleza juu ya gogo likaja mguuni – limechana kanga tu, alhamdulillahi! Nilidhani likiwa butu lina usalama. Mjomba anasema ni kinyume: lenye makali huingia mtini, butu ndilo linalorukia mtu. Akanirushia kinoo. Maji kidogo, nizungushe taratibu, pande zote sawasawa. Nijaribu kwa ukucha: ukiteleza bado, ukinasa tayari. Kisha mafuta ya nazi, chuma na mpini. Nikimaliza nifunge makali kwa kitambaa, umande usiyale.

Nimefanya yote.

"Sauti gani hiyo?" Jabir kauliza.

"Nanoa shoka."

"Wewe?"

Ndilo neno lake la kwanza tangu jana.

Jumapili, 12 Mfunguo Mosi

Nimeliharibu. Shoka lilinasa kwenye gogo, nikalipinda kushoto na kulia nilichomoe. Kichwa cha mpini kikapasuka! Mjomba anasema likinasa hugongwa mwisho wa mpini kwa kiganja, halipindwi. Hakunigombeza. Niliweke kwenye mnazi, atatia mpini mpya wa mti wa mkole. Nikaliweka, nimelifunga vizuri kama alivyonifunza. Akaondoka nalo kwapani.

Leo tumewasha makuti. Moto wa makuti haukai.

Jumatatu, 13 Mfunguo Mosi

Shoka limerudi. Mpini mweupe, unanukia mti. Linakata! Nimeangusha mti mkavu mzima, nikapiga kigelegele peke yangu msituni. Jabir ameomba uji.

Jumanne, 14 Mfunguo Mosi

Nimefua shuka za Jabir. Moja imechanwa pembeni. Nikakaa chini palepale.

Ni mimi niliyechana. Nilitafuta kitambaa cha kufungia makali, nikachana kilichokuwa karibu. Usaha wake ulikuwa umekaukia pale. Na mjomba akakitia kwapani.

Alipokuja sikusalimu. Kitambaa kiko wapi? Akakitoa kiunoni. Anafutia jasho!

"Kichome, mjomba! Kimetoka kitandani kwake!"

Akakiweka chini, akawasha moto, akakichoma. Kisha akaniuliza kama mpini mpya unanikaa vizuri mkononi. Nikasema unanikaa.

Alhamisi, 16 Mfunguo Mosi

Kaja. Mzima. Sitazami chakula, namtazama uso.

Jumapili, 19 Mfunguo Mosi

Mzima. Nimemsihi asije tena, atulie nyumbani, asiguse watu. Akasema na nani atawalisha?

Magamba ya Jabir yanadondoka. Jicho la kulia limefunguka. La kushoto limefunguka pia, lakini ni jeupe. Ananiuliza mbona pana kiza upande mmoja. Nimesema moshi.

Jumatano, 22 Mfunguo Mosi

Mvua. Kuni nimezisogeza chini ya kitanda, shoka nimelipaka mafuta mara mbili. Mjomba kaja amelowa. Siku zote husimama. Leo alikaa chini. Mgongo unamuuma, kasema, baridi hii. Nilitaka kwenda kumgusa paji la uso – mimi! Nikabaki nilipo.

Jumamosi, 25 Mfunguo Mosi

Jana hakuja mtu. Tumekula uji wa juzi.

Leo kaja Somoe, mke wa mjomba. Alisimama mbali sana. Macho yamevimba.

"Mjomba yuko wapi?"

Homa, kasema. Na asubuhi hii vipele, mdomoni kwanza. Jumbe ameshafika kwao.

Nikaanza kuomba radhi. Akainua mkono kunizuia. Alisema alichotumwa tu: nikate miti ya banda la pili. Nguzo nyoofu, unene wa mkono wangu, na fito. Ninoe kwanza. Kesho wanamleta.

"Watu wa mji hawajengi tena?" nikauliza.

Wanaogopa. "Na mwenyewe kasema hawana haja, wewe unajua."

Akaondoka, hata chungu kitupu cha chakula hakukitaka.

Jabir anauliza nani alikuwa akiongea. Nimenoa. Ukucha umenasa. Nguzo ya kwanza iko chini, ya pili nimeshaichagua, ila mvua inazidi na mpini unaniteleza mikononi – nimeingia bandani nijifute tu, kisha nirudi kuikata.